Kwa nini safari ya ndege ya kurudi nyumbani huonekana fupi, ilhali uchovu wake hauishi?

#1 Mama Wawili (Arusha)

Salaam wanajukwaa.

Nimerudi Arusha wiki iliyopita baada ya likizo ya wiki tatu kwa kaka yangu New Jersey, na kuna jambo linanitatiza ambalo naomba wenye ujuzi au uzoefu wanisaidie kulielewa. Nilipokwenda, ndege iliondoka Nairobi saa tano na nusu usiku ikatua New York saa moja na nusu asubuhi kwa saa za kule, yaani tulikuwa hewani kwa muda wa saa 15. Niliiona safari ile haina mwisho: nililala, nikaamka, nikala, nikalala tena, na nje bado ni kiza. Wakati wa kurudi tuliondoka saa sita na nusu mchana, tukatua Nairobi saa tatu na nusu asubuhi ya siku ya pili, nikapanda gari la abiria kupitia Namanga, na kabla jua halijatua nilikuwa sebuleni kwangu, mume na watoto wamenizunguka. Saa 14 zile zilipita kama kufumba na kufumbua.

Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba kule Marekani nilisinzia mapema kwa siku mbili tatu na kuamka kabla ya majogoo, kisha nikazoea. Huku nyumbani, huu ni usiku wa sita nakodolea dari macho hadi alfajiri, na usingizi unanibeba saa tatu asubuhi, wakati mashemeji na majirani ndio wanapokuja kunipa pole ya safari. Jumatatu nilimlalia mama mkwe akiwa katikati ya habari za msiba wa jirani. Mume wangu anasema nimeiacha roho yangu Marekani.

Swali langu: inakuwaje safari iliyoonekana fupi zaidi iwe ndiyo inayoutesa mwili zaidi?

#2 Dereva Mstaafu

Pole na safari, mama. Jibu la sehemu ya kwanza ni rahisi. Dunia inazunguka, na ndege ikiwa juu, dunia haisimami kuisubiri. Ukienda upande mmoja dunia inakukimbia, ukirudi inakujia. Ndiyo maana ulipungukiwa na saa nzima.

#3 Mwalimu wa Jiografia

Mzee wangu Dereva, kwa heshima zote, maelezo hayo yanajipinga yenyewe. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwenye ikweta kasi yake hufikia takriban kilomita 1,670 kwa saa. Kama ndege ingekuwa imejitenga na mzunguko huo, basi New York, iliyoko magharibi, ndiyo ingekuwa inamjia Mama Wawili wakati wa kwenda, na safari ya kwenda ingekuwa fupi. Yeye anatuambia kinyume chake. Hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo, kama chungwa unalolirusha juu ndani ya basi linalokimbia, ambalo hurudi kiganjani mwako badala ya kwenda kumpiga abiria wa kiti cha nyuma.

Sababu halisi ni upepo. Katika latitudo za kati, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi, kuna mikondo myembamba ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayetoka Marekani kuja huku husukumwa mgongoni, na anayekwenda huko hupigwa usoni. Februari 2020, wakati dhoruba kubwa ilipokuwa ikivuka Atlantiki, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa sita na nusu au saba.

#4 Kibao cha Mbuzi

Mnatafuta upepo wa nini? Mwulizeni alibeba masanduku mangapi. Mtu aliyevuta masanduku mawili ya kilo 23 kila moja kutoka New Jersey hadi Arusha kupitia Namanga, kisha anauliza kwa nini amechoka, huyo anahitaji mpagazi, hahitaji mwalimu wa jiografia.

#5 Mtazama Mawingu

Naungana na Mwalimu, ila nitaongeza jambo ambalo amelipita haraka. Mikondo hiyo haivumi juu ya Nairobi. Kutoka New York hadi Nairobi ni takriban kilomita 11,800, na ndege hufaidi upepo huo hasa inapovuka Atlantiki ya kaskazini. Ikishaingia juu ya Sahara, msukumo hupungua sana. Kwa hiyo saa moja iliyookolewa katika saa 15 ni sehemu ndogo tu, na dada yetu hakusema safari ilikuwa fupi kwa saa moja, alisema ilikuwa kama kufumba na kufumbua. Upepo hauwezi kueleza hilo.

Kwa wapenda historia: mmoja wa watu wa kwanza kuupima upepo huo alikuwa Mjapani Wasaburo Oishi, aliyekuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno miaka ya 1920. Alichapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, akitumaini ulimwengu mzima utayasoma. Karibu hakuna aliyeyasoma.

#6 Kibao cha Mbuzi

Angeyaandika kwa Kiswahili, angalau tungembishia.

#7 Binti Kizingo (Mombasa)

Nimefurahi kuona mmefika kwenye upepo, kwa sababu sisi wa Pwani tulifika huko zamani. Babu yangu alikuwa baharia wa jahazi kati ya Mombasa na Maskati. Walipakia boriti, wakaondoka na kusi, wakarudi na kaskazi wakiwa na tende. Hakuna aliyeuliza kwa nini kwenda si sawa na kurudi. Pepo mbili zilikuwa ndiyo kalenda yenyewe, na aliyechelewa kung'oa nanga alikaa ugenini hadi msimu mwingine. Nyanya alikuwa akisema kuwa kaskazi ikianza kutikisa minazi mwezi wa Disemba, yeye huanza kuosha mikeka. Hakungoja barua.

Ila babu alikuwa na wiki nyingi baharini za kurudi nyumbani taratibu. Jua lilimsogelea kidogo kidogo. Mama Wawili amerudi kwa siku moja. Nadhani tatizo liko hapo, kwamba mwili umefika kabla ya mwenyewe. Na wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

#8 Msafiri wa Doha

Binti Kizingo ameitaja methali ambayo watu wengi huitumia bila kukumbuka ngama ni nini. Ngama ni pale chini kabisa ya chombo, panapokusanyika maji yanayovuja, na anayerudi ngamani hurudi kwenye kazi ya kufua maji. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Nafanya kazi Doha kwa mwaka wa saba sasa, na kila mwaka naja Tanga kwa likizo. Doha na Tanga zina saa zilezile; sibadilishi hata dakika moja kwenye saa ya mkononi. Ndege hadi Dar es Salaam ni saa sita hivi. Kama uchovu ungekuwa ni wa kuvuka majira ya saa, mimi nisingechoka kamwe. Lakini kila nikifika nyumbani nachoka wiki nzima, na nikirejea Doha naingia kazini kesho yake nikiwa mzima. Tofauti ni watu. Nyumbani kuna salamu kwa wazee wa pande zote mbili, kuna makaburi ya kuzuru, kuna zawadi za kugawa bila kumsahau mtu, kuna mgogoro wa mpaka wa shamba ambao ulikuwa ukinisubiri mimi tu. Ugenini Mama Wawili alikuwa mgeni, na mgeni hapewi jembe siku ya kwanza. Nyumbani amepokewa na ngama iliyojaa maji ya wiki tatu.

#9 Mama Wawili (Arusha)

Asanteni nyote. Msafiri wa Doha, umenigusa, kwani nilikuta sare za shule zote zinanisubiri mimi. Lakini bado haielezi kwa nini macho yananitoka saa nane usiku, wakati hakuna mgeni wala sare. Kibao cha Mbuzi, masanduku aliyabeba mume wangu kutoka stendi.

#10 Mtafiti wa Kijiweni

Nirudi kwenye sehemu ya kwanza ya swali, ambayo naona imeachwa njiani tangu bandiko namba 5. Mwaka 2011 Niels van de Ven na wenzake wa Uholanzi walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili: watu waliosafiri kwa basi au baiskeli waliulizwa kukadiria muda, na kwa wastani waliiona safari ya kurudi kuwa fupi kwa asilimia 22 kuliko ya kwenda, ingawa muda ulikuwa sawa. Wengi hudhani sababu ni kwamba njia ya kurudi umeshaizoea. Watafiti walilijaribu hilo kwa kuwapitisha baadhi ya watu njia nyingine yenye urefu uleule, nao pia waliiona fupi. Wakapendekeza kuwa sababu ni matarajio: wakati wa kwenda tunadhani tutafika upesi, tunaona tumechelewa, na wakati wa kurudi tumeshajiandaa kwa safari ndefu, kwa hiyo inatushangaza kwa ufupi wake.

Kwa hiyo kufumba na kufumbua kwa Mama Wawili kulitokea kichwani.

#11 Mtazama Mawingu

Baiskeli si ndege ya saa 14. Ningependa kuona mtu akikadiria muda akiwa katikati ya watu wawili wanaokoroma. Tena angalieni saa alizotaja yeye mwenyewe. Alipokwenda aliondoka usiku akielekea magharibi, akilikimbia jua linalokuja nyuma yake, kwa hiyo usiku mmoja ulirefushwa hadi ukawa wa saa 15. Aliporudi aliondoka mchana akielekea mashariki, akaona jua likizama upesi, usiku mfupi, kisha mapambazuko. Dirisha lilimwonyesha mambo matatu yakitokea. Kiza kisichobadilika ndicho kirefu, hata kwa mtu aliyelala kitandani kwake.

#12 Mtafiti wa Kijiweni

Hoja nzuri, lakini ingemaanisha kuwa anayesafiri mchana kwenda na usiku kurudi ataona kinyume. Tuletewe mtu wa namna hiyo.

#13 Baba Minnesota

Huenda mtu huyo ni mimi, au angalau mimi ni kioo cha Mama Wawili. Nimeishi Minnesota kwa zaidi ya miaka 20, watoto wangu wamezaliwa huku, na likizo yangu huwa Mombasa kwa mama. Kwa hiyo kwangu kurudi kwa familia ni kurudi Marekani, na kwenda likizo ni kwenda nyumbani. Mnisamehe, hata mimi lugha hii hunichanganya.

Kwanza, safari ya kurudi Minnesota huchukua muda mrefu zaidi hewani, kwa sababu ya upepo aliousema Mwalimu, lakini mimi huiona fupi. Hapo Mtafiti wa Kijiweni amepata shahidi. Pili, mwili wangu huteseka Mombasa. Saa zinatofautiana kwa nane wakati wa kiangazi cha huku, na kwa siku sita au saba za mwanzo mimi hutembea usiku ndani ya nyumba ya mama kama mwizi. Nikirudi Minnesota naamka saa kumi alfajiri kwa siku tatu nne, nafyeka nyasi za uani majirani wakiwa wamelala, kisha mambo yanakuwa sawa. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Doha, suala si nyumbani wala ugenini. Ni mashariki na magharibi.

#14 Msafiri wa Doha

Au kwa mama yako ndiko kwenye ngama, mzee wangu, na Minnesota ndiko unakopumzika. Ushahidi wako haujanitoa mahali nilipo.

#15 Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi za usiku kwa miaka 11, kwa hiyo usingizi uliopinda naujua vizuri. Baba Minnesota amelenga. Ubongoni kuna saa ya mwili inayopanga usingizi, njaa na joto la mwili, na kwa watu wengi saa hiyo ikiachwa peke yake mzunguko wake huzidi saa 24 kwa dakika chache. Ndiyo maana ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi kulala. Ukienda magharibi unaurefusha mchana, jambo ambalo mwili unalipenda. Ukija mashariki unaufupisha. Makadirio ya kawaida ni kwamba saa ya mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja na nusu kwa siku unapoelekea magharibi, na kama saa moja tu kwa siku unapoelekea mashariki. Kutoka New York hadi Arusha wakati huu ni tofauti ya saa saba. Mama Wawili amesema yuko usiku wa sita, basi hesabu yake bado haijaisha.

Angalieni pia alivyoeleza: saa nne usiku ya Arusha ni saa tisa alasiri ya New Jersey, na hakuna anayelala saa tisa alasiri. Saa tatu asubuhi, wakati wageni wanapiga hodi, mwili wake unahesabu saa nane usiku. Hakumlalia mama mkwe kwa dharau.

Nina swali kwako, Mama Wawili: asubuhi unakaa wapi?

#16 Mama Wawili (Arusha)

Mume wangu alisoma mahali kuwa jua la asubuhi hurekebisha usingizi, kwa hiyo tangu siku ya pili tunatembea pamoja kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili, ili nisirudi kulala. Nimejitahidi sana.

#17 Nesi wa Zamu

Ninasikitika kumwangusha shemeji, lakini huenda ndicho kinachokuchelewesha. Mwanga wa jua huisukuma saa ya mwili mbele au nyuma kutegemea unapokupata. Usiku wako wa ndani kabisa ni kama saa kumi na moja alfajiri ya New York, ambayo ni saa sita mchana ya Arusha. Mwanga kabla ya hapo unauambia mwili kuwa bado ni jioni ndefu, nao unazidi kuchelewa. Mwanga baada ya hapo ndio unaouvuta mbele. Siku zile za kwanza ulipaswa kukaa ndani au kuvaa miwani ya jua asubuhi, na kutoka nje mchana. Sasa mpaka huo umesogea nyuma kidogo, pengine uko katikati ya asubuhi; kwa hiyo tembeeni alasiri.

#18 Kibao cha Mbuzi

Kwa hiyo mume amemtembeza mkewe kila asubuhi kumrudisha Marekani taratibu. Na ndiye aliyesema ameiacha roho huko.

#19 Dereva Mstaafu

Nimekubali kuhusu dunia, Mwalimu, chungwa limenishinda. Lakini mbona hamzungumzii hewa ya ndani ya ndege? Mimi nilisafiri mara moja tu, kwenda kumwona binti yangu Uingereza, na nilirudi midomo imepasuka, miguu imevimba, masikio yameziba siku mbili. Uingereza na Dar es Salaam zinatofautiana saa mbili au tatu tu. Hapo saa ya mwili inaingiaje?

#20 Mtazama Mawingu

Hapo mzee una hoja. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, na msukumo wake hulinganishwa na kuwa juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa mtu wa Dar es Salaam aliyezoea usawa wa bahari, ni kama kulala usiku kucha Limuru bila kunywa maji.

#21 Mkaazi wa Nairobi

Nairobi yenyewe iko kwenye kimo cha kama mita 1,700. Kwa maelezo yako, sisi tunaishi ndani ya Dreamliner mwaka mzima, na hatujawahi kuletewa chakula.

#22 Nesi wa Zamu

Hewa hiyo hiyo ilikuwamo wakati wa kwenda, kwa hiyo inaeleza uchovu wa mzee Dereva lakini haielezi tofauti anayoiulizia Mama Wawili. Kuhusu miguu, mzee wangu, miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya kukaa muda mrefu ni kawaida na hupungua kwa siku moja mbili. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, au mtu akapungukiwa na pumzi, huyo aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa damu inaweza kuwa imeganda. Na wewe Baba Minnesota, watoto waliozaliwa huko hawana kinga dhidi ya malaria. Homa baada ya kutoka Mombasa isihesabiwe kuwa ni uchovu wa ndege.

#23 Binti Kizingo (Mombasa)

Mimi bado sijaridhika na hesabu hizi. Mjomba wangu hurudi kutoka Maskati, tofauti ya saa moja tu, na husema saa ndefu kuliko zote si za hewani. Ni zile dakika za kusimama mbele ya mkanda wa mizigo, unaona mabegi ya wenzako yanapita, na nje unawasikia watoto wako. Kwake yeye kurudi ni kurefu kuliko kwenda, kila mara. Mtafiti wa Kijiweni, huyu unamweka kwenye asilimia ngapi?

#24 Mtafiti wa Kijiweni

Simweki popote. Anayengoja sana huona muda mrefu, na anayetarajia urefu huona ufupi; zote mbili zimeandikwa, na sijui mtu mmoja hufanyaje kuwa na moja na si nyingine. Labda Mama Wawili hakuwa amewakumbuka sana wanawe.

#25 Mama Wawili (Arusha)

Mtafiti, hilo umelisema usiku ambao siwezi kukujibu kwa upole. Niliwakumbuka hadi nikanunua viatu vya saizi isiyo yao, kwa kuwa nilidhani wamekua zaidi.

Leo nimekaa ndani asubuhi kama Nesi alivyoagiza, na tumetembea saa kumi alasiri. Mume wangu amekubali kwa shingo upande, na ameniomba niwaambie kuwa alisoma kwa nia njema. Mama mkwe amekuja, amesimulia ule msiba upya tangu mwanzo, na safari hii nimeusikia wote.

Ninapoandika ni saa tisa na dakika kumi usiku. Kwa kaka yangu ni saa mbili na dakika kumi, ndiyo kwanza wanapakua chakula, na tumbo langu linajua hivyo. Mdogo naye ameamka, amenikuta jikoni na mkate mkononi, na anataka kujua kama tutakwenda kutembea sasa hivi.

#26 Msafiri wa Doha

Mpe kipande cha mkate.